Tumbo la Tusekile

Ninajilaza kwenye kitanda cha binti yangu saa saba na robo mchana, viatu vya kazini vikiwa bado miguuni, nikijiambia ni dakika kumi tu, ninyooshe mgongo, kisha niende shuleni kumfuata. Mvua inanyesha juu ya bati kama ilivyonyesha jana na juzi, maana huku kwetu Rungwe mvua haiagi. Mimi ni Subilaga, nesi wa zahanati. Binti yangu ni Tusekile, ana miaka minane, yuko darasa la tatu, na kwa wiki tano sasa tumbo lake linauma kila asubuhi. Linauma Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi haliumi. Nimempima malaria, nimempima choo na mkojo, nimempa dawa ya minyoo ambayo hakuihitaji, na vipimo vyote vinasema mtoto ni mzima. Yeye anasema linauma. Halafu yanakuja maswali, mlangoni, mimi nikiwa nimeshachelewa: Mama, leo unarudi? Unarudi saa ngapi? Na usiporudi? Nami namjibu kama ninavyomjibu kila siku, usiwe na wasiwasi, jioni nitakuwa nyumbani, hakuna kitu, haya twende. Leo asubuhi ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili akakataa kutoka. Nikambandua kidole kimoja kimoja, na cha mwisho kilipogoma nikampiga kofi mkononi. Hakulia. Alichukua begi lake akaenda bila kugeuka nyuma, na huko kutogeuka ndiko kumenifuata siku nzima. Leo nimechanja watoto kumi na wanne, wote nimewabembeleza, nimewaimbia, nimewapulizia mkono palipochomwa, na kila niliyemwinamia nilimwona ni yeye. Ndiyo maana nimeomba ruhusa ya kutoka mapema. Nilikuwa nimemwambia kwa sauti akiwa tayari barabarani, saa nane na nusu nitakuwa getini, mimi mwenyewe, umesikia? Baba yake yuko Chunya migodini, hupiga simu Jumapili. Wa kwenda getini ni mimi. Dakika kumi tu. Mto unanukia mafuta yake ya nywele. Nafumba macho, na godoro linaanza kushuka.

Linashuka taratibu, kama ndoo inayoteremshwa kisimani na mtu asiye na haraka, na ninangoja nifike chini lakini chini hakuna, mpaka viatu vyangu vinagusa udongo na ninajikuta nimesimama barabarani. Ni barabara nyekundu, imelowa, imenyooka mbele mpaka macho yanachoka, na nikigeuka nyuma nako imenyooka vilevile. Natazama saa yangu ya kazini niliyoibana kifuani. Ni saa nane na dakika ishirini. Dakika kumi zinanitosha, nawaza, na naanza kutembea, na kadiri ninavyotembea ndivyo barabara inavyojiongeza, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye sweta. Miguu inaniuma. Hata ndotoni miguu inaniuma. Mbele yangu anasimama mtu mwenye mwavuli, mwanamke kwa mavazi, na ninafurahi kumwona mtu, lakini ninapomkaribia naona hana uso. Pale panapokaa macho na pua na mdomo pamelala laini, kama unga wa chapati uliokandwa ukaachwa utulie. Sishtuki. Nimechoka mno kushtuka. Shikamoo, namwambia, naomba unielekeze shule ya msingi, nina mtoto ananisubiri. Naye anajibu, sauti ikitoka sijui wapi, kitendawili. Namwambia mama, sina muda. Anarudia, kitendawili. Nami nasema, tega. Anasema, nina mgeni, kila nikimwambia hayupo ananenepa. Nafikiri kama nesi, sina namna nyingine ya kufikiri. Mimba, nasema. Anatikisa kichwa. Uvimbe. Anatikisa. Basi njaa. Hapana, anasema, umeshindwa, nipe mji. Chukua Tukuyu, namwambia, ili mradi niondoke. Na nikishasema hivyo Tukuyu inaota kando ya barabara, nyumba baada ya nyumba, na njia yangu inapita katikati yake.

Siyo Tukuyu ninayoijua. Kila nyumba ni nyumba yangu. Mlango wa bluu, ndoo ya kukinga maji, kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa kwa waya, nyumba hii hivyo, na ile hivyo, na ng'ambo ya barabara nyumba hizohizo zinatazamana na hizi kama mtu na kioo chake. Nachungulia dirisha la kwanza. Ndani kuna mimi, nimevaa gauni jeupe, nafunga saa kifuani, na mbele yangu yupo mtoto wa sketi ya bluu. Mama, unarudi? anauliza. Usiwe na wasiwasi, hakuna kitu, ninamjibu humo ndani bila kumtazama. Na chini ya sweta la mtoto, hapa tumboni, kitu kinavimba kidogo. Nakwenda dirisha la pili. Mama, unarudi saa ngapi? Acha hizo, hakuna kitu. Kitu kinavimba. Dirisha la tatu, la nne, la kumi, na kila ninapojisikia nikisema hakuna kitu, kile kitu kinaongezeka, mpaka kwenye dirisha moja mtoto hawezi tena kufunga vifungo vya sweta, anakishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba boga, na yule mimi wa ndani anamwambia simama wima, tunachelewa. Nagonga kioo. Nagonga kwa ngumi. Yule mimi ananitazama, na sijawahi kuona uso uliochoka namna ile, na kabla sijasema neno ananiambia, samahani dada, nachelewa kazini, na anavuta pazia.

Natoka mjini nikikimbia, kama kunaweza kuitwa kukimbia. Saa ya kifuani inasema nane na dakika ishirini na tano. Mtu mwingine amesimama njiani, mwanaume mwenye koti refu, naye hana uso, na namwambia kabla hajaanza, najua jibu la mwenzako, ni hofu. Hofu ndiyo inayonenepa ukiiambia haipo. Anasema, hilo ni jibu la jana. Leo nakuuliza jingine. Unamwendea mtoto, au unaiendea saa nane na nusu? Nasema vyote viwili. Anasema chagua. Nasema huwezi kumfikia mtoto bila kuwahi saa, mzee wangu, kama unazo dakika za bure mimi sina, na sauti yangu inapasuka katikati, kwa sababu najua kwamba siku zote, hata nikiwa nimemshika mkono, huwa naiendea saa. Anangoja. Nguvu ya kukisia sina. Chukua Mbeya, nasema, chukua yote, na Uyole uchukue. Hata hukujaribu, anasema, na siyo kwa kulaumu, ila kama mtu anayeandika kwenye jalada la mgonjwa. Kisha anasogea pembeni nipite.

Mji wa pili hauna nyumba. Ni mageti tu. Mageti ya shule, ya chuma, yamepangwa pande zote mbili za barabara, na nyuma ya mageti hakuna shule, kuna ukungu tu, na kwenye kila geti amesimama mtoto mmoja na begi lake mgongoni. Wanasubiri. Hawachezi, hawasukumani. Namwendea wa kwanza, mvulana wa miaka kama sita, soksi moja juu moja chini, namuuliza kama amemwona Tusekile. Ananiambia, choo cha shule hakina komeo, mlango ukisukumwa unafunguka, kwa hiyo mimi sinywi maji tangu asubuhi. Ah, namwambia, jambo dogo hilo, usiwe na wasiwasi. Na mbele ya macho yangu uso wake unaanza kufutika. Nyusi zinakwenda kwanza, halafu macho, halafu mdomo uliokuwa unataka kuongeza neno, na pale panabaki laini. Namshika mabega. Rudi, namwambia, rudi, niambie tena hilo la komeo, lakini hana tena cha kuniambia. Nyuma yangu nasikia sauti ya yule mwenye koti. Na mimi niliwahi kusimama getini, anasema. Geti la tatu kushoto. Niliwaambia mambo yangu, wakaniambia ni madogo.

Basi nakwenda kwa mtoto wa pili nikiwa na woga. Ni msichana mrefu kuliko umri wake. Anasema, mwalimu akiniita nisome kwa sauti, herufi zinahama. Maneno yote ninayoyazoea yananijia mdomoni, nayameza, na kwa kuwa sina kingine nachuchumaa mbele yake na kusema tu, enhe. Anaendelea. Zinahama, na wenzangu wanacheka, na usiku wa kuamkia Jumatano sili, kwa sababu Jumatano ni Kiswahili. Kumbe, nasema. Anasema, ndiyo. Uso wake unabaki. Wa tatu ni mvulana mdogo mwenye kifua kinachopanda na kushuka haraka haraka, hawezi kusema chochote, na hili nalijua, hili nimewahi kuliona zahanati kwa watoto wanaoiona sindano. Namkalisha chini. Namwambia akunje viganja vyake kama anashika kikombe. Humu mna uji, namwambia, uji wa moto sana, na una njaa. Upulize. Polepole, usije ukaumwaga. Anapuliza. Tena, bado wa moto. Anapuliza kwa muda mrefu, mabega yanashuka, anapuliza tena, na mimi napuliza naye, na katika kupuliza huko nagundua kwamba ni tangu sijui lini sijatoa pumzi yote. Hofu imeondoka? namuuliza. Anatikisa kichwa. Haijaondoka, anasema, lakini sasa inaingia kwenye begi. Anaifungia humo, anavaa begi lake, na anasimama tena getini, mzito kidogo, lakini amesimama.

Na geti linalofuata ni la Tusekile. Namjua kwa kisogo. Amenipa mgongo, ameshika vyuma vya geti, na anatazama ukungu. Tuse, namwita. Hageuki. Nimekuja, mama, si nilisema nitakuja? Hageuki. Namwambia najua una nini. Ni hisabati. Geti linasogea hatua kumi mbele pamoja naye. Ni mwalimu, amekuchapa? Linasogea tena. Ni ile siku niliyochelewa, mama mmoja alipokuwa anajifungua zahanati na sikuweza kumwacha, ukabaki hapa peke yako mpaka saa kumi na moja. Ni hiyo. Niambie ni hiyo. Linasogea mbali zaidi, nami nalifuata nikivuta miguu, na kila ninapokosea sauti za watu wasio na nyuso zinasema kwa pamoja, nipe mji, nami nawapa. Nawapa Kyela, nawapa Tunduma, nawapa Iringa nisikowahi kufika, nawapa Chunya na baba yake ndani, mpaka sina mji mwingine wowote ninaoujua kwa jina. Unakisia sana, inasema sauti moja karibu na sikio langu, na imechoka kama mimi. Mtoto siyo kitendawili. Sasa nalia, lakini kwa uchovu zaidi kuliko huzuni, na nakaa chini kwenye matope nyuma ya binti yangu, karibu kiasi cha kuona uzi uliochomoka kwenye kola yake, na sisemi kitu. Saa ya kifuani inapita nane na nusu. Naiona ikipita. Inapita tisa. Siinuki. Mvua inatunyeshea wote wawili, na baada ya muda ambao siwezi kuupima mabega yake yanalegea, anaachia chuma kimoja, anaachia cha pili, anaanza kugeuka, naona shavu, naona pembe ya mdomo ikifunguka, na mtu anagonga geti kwa nguvu, anagonga, anagonga.

Ni mlango. Niko kitandani, viatu miguuni, shavu limelowa. Saa ya ukutani inasema saa kumi kasoro kumi. Nakwenda mlangoni nikijikwaa na nafungua, na pale barazani amesimama bibi mmoja wa mtaa wa juu, kitambaa cheusi kichwani, amewashika watoto wawili mikono, mmoja huku na mmoja huku. Mmoja ni Lugano, mjukuu wake, anayekaa dawati moja na binti yangu. Mwingine ni Tusekile. Jambo la kwanza ninalofanya ni kumtazama usoni, kuhakikisha upo. Upo. Macho yamevimba. Mama Tuse, anasema bibi, tumegonga mpaka mkono umeniuma. Nilimkuta getini peke yake wakati namfuata huyu, nikasubiri naye weee, nikasema siwezi kumwacha. Shikamoo bibi, nasema, ndaga, asante sana, nililala, nilijinyoosha kidogo tu nikalala. Marahaba, anasema, mwanangu, lala, nani asiyelala, na ananitazama namna ambayo siielewi mara moja. Kisha nakielewa kile kitambaa cheusi. Mkwe wake, mama yake Lugano, alikuja zahanati wiki tano zilizopita, kichwa kikimuuma, presha iko juu mno. Niliyempima ni mimi. Niliyeandika rufaa ya kwenda hospitali ni mimi. Hakurudi. Nilikwenda msibani, nikaosha vyombo, nikarudi kazini, na wakati wote huo sikuwahi kufikiri kwamba habari hii inaweza kuingia darasa la tatu na kukaa kwenye dawati.

Bibi na Lugano wanakunywa chai na kuondoka, na mimi na Tuse tunabaki jikoni. Nataka kuomba msamaha, nataka kueleza, nataka kukisia. Nakaa kwenye kigoda, nayameza yote, na nasema, ulisubiri sana. Anasema, ndiyo. Enhe, nasema. Anakwaruza masizi ya sufuria kwa ukucha, na mvua inangoja nami juu ya bati. Halafu anasema, bila kunitazama, Lugano alisema mama yake aliogopa kupanda gari, nesi akamwambia usiwe na wasiwasi, jioni utakuwa nyumbani. Anakwaruza. Nesi ni wewe, Mama. Nasema, ndiyo, ni mimi. Kwa hiyo ulimdanganya? Mikono yangu imelala mapajani kama ya mtu mwingine. Nasema, sikujua kama atarudi, mwanangu. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa, nikasema neno la kumtuliza. Lilikuwa neno nisilolijua. Anasema, na mimi unaniambia hilohilo kila siku. Asubuhi. Ukisema hivyo ndiyo tumbo linaanza. Namwambia, kumbe. Anasema, eeh. Kisha ananitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi na kuuliza, na wewe utakufa?

Ninazo njia nyingi za kulikwepa swali hili, nimezitumia kwa wagonjwa miaka kumi na moja. Nasema, nitakufa siku moja, kama watu wote. Lini, sijui. Leo siumwi. Nimejipima presha wiki iliyopita, iko sawa. Kesho nitakwenda zahanati, na nikibanwa na mgonjwa nitampigia simu mwalimu wako wa darasa, na utarudi na bibi yake Lugano, nitamwomba. Hayo ndiyo ninayoyajua. Mengine siyajui, na sitakuambia tena kwamba nayajua. Na lile kofi la asubuhi, mama, nilikosea. Halii, wala hatabasamu. Kesho litauma tena, anasema. Nasema, huenda likauma. Hata darasani? Huenda hata darasani. Likikuuma huko utamwambia nani? Anainua mabega, kisha anasema, Lugano. La kwake nalo linauma, ila yeye hamwambii mtu.

Anakuja kukaa chini karibu nami, sketi ikiwa bado mbichi kwa mvua, anaegemeza kichwa kwenye mkono wangu, na haichukui muda pumzi yake inakuwa nzito. Amelala. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni mwa jikoni na umefunika nyumba zote za jirani, naona mlango wangu tu na weupe, na sijui, nasema kweli sijui, kama nimeamka au bado nimekaa kwenye matope nyuma ya mtoto anayegeuka. Uchovu ni uleule. Maharage yanasubiri kubandikwa, gauni la kesho halijafuliwa. Mkono unaanza kufa ganzi kuanzia kiwikoni kushuka vidoleni. Siutoi.